Kabla ya Kuidai KRA: Kukagua na Kufuatilia Kodi ya Kurudishiwa

Umemaliza kujaza ritani ya mwaka kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), na hesabu ya mwisho ina alama ya kutoa mbele yake. Maana yake ni kwamba, kwa mujibu wa ulivyojaza, kodi iliyokatwa imezidi uliyopaswa kulipa. Usianze kuzipangia kazi hizo pesa. Kama uliajiriwa mwaka mzima na nambari yenyewe ni 28,800, au inakaribia hapo, yaelekea huna cha kurudishiwa. Umekosea safu.

Fomu ya P9, ambayo mwajiri hukupa kuonyesha mshahara na kodi ya mwaka, ina safu mbili zinazofanana kwa mbali. Moja ni kodi kabla ya kuondoa nafuu ya kibinafsi (punguzo la kodi la kila mlipakodi), nyingine ni PAYE yenyewe iliyokatwa kwenye mshahara. Nafuu hiyo ni shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Ukichukua jumla ya safu ya kwanza ukaiandika kama PAYE iliyokatwa, mfumo unakupa nafuu mara ya pili. Ukisahau kuijaza nafuu, mambo yanageuka: unajikuta unadaiwa 28,800. Dawa ya yote mawili ni kuwasilisha ritani ya marekebisho ya mwaka huohuo, na ni heri uifanye wewe kabla afisa hajakuuliza.

Wanaodai kwa haki wapo, tena wengi hawajui. Aliyefanya kazi miezi sita kisha mkataba ukaisha ni mfano mzuri. Tuseme mapato yake ya kutozwa kodi yalikuwa 60,000 kwa mwezi. Mwajiri alikata takriban 10,383 kila mwezi, jumla 62,300. Lakini kodi ya mapato hupimwa kwa mwaka: kati ya 360,000 alizopata, 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10 (28,800), na 72,000 zilizobaki asilimia 25 (18,000). Toa nafuu ya 28,800, inabaki 18,000. Anadai takriban 44,300. Aliyehamia kazi nyingine siku iliyofuata hana hesabu hii, na aliyekuwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja, wote wakimpa nafuu, ndiye anayedaiwa.

Kuna pia bima ya maisha, afya au elimu ambayo ofisi ya mishahara haikuihesabu. Nafuu yake ni asilimia 15 ya ada, na nafuu yenyewe haizidi 60,000 kwa mwaka. Anayelipa 4,000 kila mwezi anapata 7,200. Na mtu mwenye ulemavu aliye na cheti cha kusamehewa kodi hapaswi kutozwa kwenye 150,000 za kwanza za mwezi. Mwajiri akiendelea kukata baada ya cheti kutoka, hilo ni dai.

Dai la kodi ya mapato huwasilishwa ndani ya miaka 5 tangu kodi ilipolipwa kupita kiasi. Weka tayari P9, cheti cha bima kutoka kwa kampuni yenyewe na maelezo ya akaunti ya benki. Akaunti iwe yako, kwa jina lililo kwenye PIN, yaani nambari yako ya mlipakodi. Ukiwasilisha, hifadhi risiti ya mapokezi. Nambari yake ndiyo utakayoulizwa kila unapofuatilia.

Sasa jambo dogo linalowakwamisha watu wengi wa Nairobi: barua pepe. PIN nyingi zilifunguliwa saiba, na mhudumu akaweka anwani yake mwenyewe. KRA ikiomba stakabadhi, ujumbe unaenda kwake na dai lako linalala. Ingia kwenye iTax uhakikishe anwani na namba ya simu. Zikikushinda, nenda dawati la KRA katika Huduma Centre ya GPO ukiwa na kitambulisho asili.

Dai likikaa kimya, chunguza kwanza upande wa mwajiri. KRA hulinganisha P9 yako na ritani ya PAYE ya kila mwezi anayoiwasilisha mwajiri. Alikata bila kupeleka, au alipeleka kwa PIN yenye tarakimu iliyokosewa? Dai halisongi. Fungua ritani ya mapato ya ajira pekee, ambayo iTax hujaza kutokana na taarifa za mwajiri, uilinganishe na P9 mwezi kwa mwezi. Mwezi ukikosekana, safari yako si Times Tower, makao makuu ya KRA. Ni ofisi ya mishahara, warekebishe ritani ya mwezi huo.

Kuidhinishwa nako si kulipwa. Dai lililokubaliwa husubiri fedha zitolewe na Hazina, kwa hiyo pengo kati ya idhini na pesa kufika benki si dalili ya kosa. Pia pesa zinaweza kuja pungufu kwa sababu ulikuwa na deni la zamani, kwa mfano faini ya kuchelewesha ritani, ambayo kwa mtu binafsi ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ipi iliyo kubwa. Angalia leja yako kabla ya kulalamika. Kama huna haraka, unaweza kuomba ziada ihesabiwe kwenye kodi zijazo. Kwa kiasi kidogo hiyo ndiyo njia isiyo na usumbufu.

Dai likikataliwa, soma tarehe ya barua ya uamuzi. Una siku 30 za kuupinga uamuzi huo, na zinahesabiwa tangu ulipojulishwa, hata kama ujumbe ulikwenda kwa yule mhudumu wa saiba.