Kabla hujairusha, amua itakavyoshuka

Kila mwaka wanafunzi huingia karakana yetu hapa Nairobi na mchoro wa setilaiti ndogo, ile ya ukubwa wa mkate, na maneno yao yote ni ya kupanda: roketi gani, obiti gani, kamera gani. Mimi huwauliza itashukaje. Kimya. Ndiyo nikaona niyaandike haya, koo lipumzike.

Kwanza chagua: ama iungue yote angani, ama ifike chini ikiwa nzima. Usiache la katikati, maana kipande kilichonusurika bila mtu kukikusudia ndicho huangukia shamba la watu. Wa Mukuku kule Makueni wanajua. Tarehe 30 Desemba 2024 iliwaangukia pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi. Ilitoka kwenye roketi, si setilaiti, na yako haitafika uzito huo hata kidogo. Lakini tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi anayeniuliza kwa nini nawasumbua.

Ukichagua iungue (na wengi mtachagua hili, ndilo rahisi) keti na orodha ya vifaa kabla ya kununua hata skrubu. Setilaiti huingia angahewa kwa mwendo wa karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Kwenye kimo cha kilomita 120 hewa huanza kuikaba. Ikikaribia 80 hukatikakatika. Fremu ya alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, hiyo haikusumbui. Cha kutilia shaka ni metali ngumu kuyeyuka: titani, nyuzi 1,668, na hasa tungsteni, 3,422. Kijana wetu mmoja alitaka kusawazisha uzito kwa kipande cha tungsteni cha kutosha ndani ya kiberiti. Nusu kilo! Kingefika. Tukakitoa, tukaweka shaba ya njano, ikala nafasi zaidi, akanuna siku mbili.

NASA huhesabu kipande kuwa cha kudhuru mtu kikigonga kwa nishati ya juli 15. Hiyo ni sawa na pakiti ya unga ya kilo mbili ikiponyoka kutoka mezani. Nayo hatari ya kumdhuru mtu yeyote duniani isizidi 1 kati ya 10,000. Hesabu hizi usizikisie; programu ya DAS ya NASA na ile ya DRAMA ya Shirika la Anga la Ulaya hupatikana bure.

Halafu muda. Marekani sasa inataka setilaiti za obiti ya chini zishuke ndani ya miaka 5 baada ya kazi kwisha. Zamani ilikuwa 25. Ukiachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu, hewa nyembamba ya huko itakumalizia kazi. Setilaiti ndogo ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa huko Mei 2018, na 2020 ikawa imeungua. Tena jua lilikuwa limetulia. Likichachamaa, angahewa hutuna na safari hufupika. Ukipanda kilomita 500 na zaidi, tweka tanga la kukamata hewa hiyo nyembamba, likupunguzie mwendo ushuke upesi. Setilaiti ya InflateSail ya Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, ilitanua tanga la mita 10 za mraba mwaka 2017 kwenye kilomita 505, na siku 72 baada ya kurushwa ikaisha.

Tanga lenyewe si kazi. Kazi ni kamba. Tanga hukunjwa, likafungwa kwa uzi wa nailoni, mshipi uleule wa wavuvi, na uzi ukalazwa juu ya rezista. Umeme ukipita rezista hupata moto, uzi hukatika, tanga hufunguka. Mezani kwetu uzi ulikatika kwa sekunde nne, tukapiga makofi. Kisha, ili tuige baridi ya angani, tukaenda kumwomba muuza samaki friza yake, tukaweka kila kitu humo usiku kucha. Asubuhi uzi haukukatika. Betri ilikuwa imepoa, volti zikashuka, rezista ikawa vuguvugu tu kama chai ya mgonjwa. Sasa tunatumia rezista mbili, kila moja na saketi yake, na uzi unavutwa kwa springi hadi uzame kwenye rezista badala ya kuigusa tu. Ongeza saa ya ndani: isiposikia sauti ya ardhini kwa siku ulizopanga, itweke tanga yenyewe bila kungoja amri. Betri na mafuta navyo vimalizwe mapema, isije ikalipuka huko juu ukawaachia wenzako vipande mia.

Kuirudisha nzima ni ufundi mwingine, na ghali. Utahitaji injini ya kupunguza mwendo, nayo ukiiwasha kwa kuchelewa sekunde moja, umekosea mahali pa kutua kwa karibu kilomita 8. Pua usiichonge iwe kali, H. Julian Allen wa Marekani alionyesha miaka ya 1950 kwamba pua butu husukuma joto kubwa mbali na mwili. Ngao si lazima iwe ya ajabu: QARMAN, setilaiti ndogo ya taasisi ya von Karman ya Ubelgiji, ilivaa gome lile la vizibo vya chupa. Huungua polepole, likipukutika na joto lake. Kibali omba mapema kuliko unavyodhani. Kapsuli ya kwanza ya kampuni ya Varda ya Marekani, chombo cha kurudi duniani, ilirushwa Juni 2023, ikakaa huko ikisubiri ruhusa, ikatua Utah tarehe 21 Februari 2024.

Mwisho parachuti. Kapsuli ya Genesis ya NASA ilipita moto wote salama Septemba 2004, parachuti ikakataa, ikajibamiza jangwani Utah kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Vihisi vya kuhisi mwendo ukipungua vilikuwa vimebuniwa vikae kichwa chini miguu juu. Karakanani kwetu kila kihisi kina mshale mwekundu wa rangi ya kucha, na anayekifunga siye anayekikagua.