Kadiria kioo cha kuzuia moto kipande kwa kipande
Usianze na jumla ya mita za mraba. Chukua ramani, tia alama kila mlango na dirisha lililo kwenye ukuta wa kuzuia moto, uandike dakika ambazo kinapaswa kustahimili moto: 30, 60 au 120. Andika pia kama kioo kizuie miali na gesi za moto tu (E) au na joto pia (EI), maana bei hupishana sana. Vidirisha 14 vya milango, sentimita 20 kwa 90, ni mita za mraba 2.52 tu, lakini ni vipande 14, na vioo vya EI kwa kawaida havikatwi saiti. Kwa hiyo pima ndani ya fremu kabla ya kuagiza, na kipimo kinachojirudia kiongezee kipande cha akiba.