Somo: Kutafuta chanzo cha ugonjwa kwenye kidole tumbo kilichokatwa

Wenzangu wa chumba cha upasuaji na maabara hapa Kanda ya Ziwa, msikitupe kidole tumbo kikishatolewa. Mgonjwa wa Ukerewe au Sengerema anaweza kuwa na mayai ya kichocho ndani ya ukuta wake, na kisu hakitibu kichocho.

1. Fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Mililita 100 za fomalini kali kwa mililita 900 za maji yaliyokenekwa. Iwe mara 10 ya ujazo wa nyama, kwenye chupa yenye mdomo mpana, saa 24. Hapa ndipo sampuli nyingi huharibika: chupa ndogo, dawa kidogo, nyama inaoza katikati. Kuiacha kwenye saline (maji ya chumvi) hadi Jumatatu ni kuiua.

2. Kukata. Pima urefu na kipenyo, andika usaha, tundu, au kijiwe cha kinyesi kilichoziba njia. Ncha ipasuliwe kwa urefu, kwa sababu uvimbe wa kasinoidi (aina ya saratani inayokua polepole) hupenda kukaa hapo. Shina na katikati zikatwe kwa upana, vipande vya milimita 3.

3. Hadubini. Neutrofili (seli nyeupe za damu za usaha) zikiwa ndani ya msuli wa ukuta, ugonjwa ni wa ghafla kweli. Kisha tafuta chanzo: kijiwe, tezi za kinga zilizovimba (hasa kwa watoto), minyoo, TB, au mayai ya kichocho yaliyozungukwa na eosinofili (seli nyeupe za damu zinazopambana na minyoo). Yai lenye mwiba ubavuni ni la mansoni (kichocho cha utumbo), lenye mwiba nchani ni la haematobium (kichocho cha mkojo). Mwiba usipoonekana, paka rangi ya Ziehl-Neelsen: ganda la mansoni hushika wekundu, la haematobium kwa kawaida halishiki.

MASWALI

– Shikamoo daktari. Mayai ya zamani yaliyojaa chokaa, bila eosinofili, tuyaite chanzo?

Marahaba. Hapana. Andika kwamba yapo, chanzo kitafutwe kwingine. Lakini ripoti imfikie anayemtibu, ampe praziquantel, dawa ya kichocho, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600.

– Sampuli ya kisiwani ikichelewa siku tatu kwa ajili ya boti?

Ikiwa ndani ya fomalini, haina shida. Kinachoharibu ni kuchelewa kabla ya kuitia. Msiigandishe.

– Wagonjwa wanalaumu mbegu za mapera, dada. Tuwajibuje?

Mbegu huonekana mara chache sana. Waambieni wale mapera, ila wakiumwa tumbo upande wa kulia chini wasisubiri.