Kabla Hujasaini Fomu ya Tiba ya Mtoto

Fomu ya kwanza ya tiba ya tabia niliisaini nimesimama mapokezi ya kituo, mwanangu mwenye usonji kaning'ang'ania kanga, bajaji inasubiri nje. Kurasa 2 za Kiingereza. "Mama, saini hapa tu." Wiki ya 3 nikagundua kwamba akipunga mikono, wanamshika mpaka atulie. Kwenye fomu kulikuwa na sentensi inayoruhusu, na saini chini yake ni yangu.

Mzazi mwenzangu, usikubali kuharakishwa. Nenda na fomu nyumbani. Ukiambiwa haitoki, ipige picha. Piga mstari kila usichokielewa, kisha rudi umwombe mtaalamu akueleze kwa Kiswahili: anataka kumfundisha nini, kwa njia gani, na kuna njia gani nyingine. Halafu uliza swali ambalo kwangu ni zito kuliko yote: "Akikataa, mnafanyaje?" Akikujibu "tunamzoesha tu", mwambie akuonyeshe kwa vitendo: anamshika wapi, anamnyima nini. Huko Marekani, miaka ya 1960, watoto wenye usonji walipigwa makofi, hata shoti za umeme, kwa jina la tiba ya tabia. Una kila sababu ya kuuliza.

Lengo lenyewe nalo lipime. Kuomba maji, kuvuka Barabara ya Mandela bila kuchomoka mkononi mwangu: hayo niliyakubali. Kuacha kupunga mikono kwa sababu wageni wanashangaa, nilikataa. Hamuumizi mtu, na ndivyo anavyojituliza.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Wangu haongei. Akichoka husukuma kikopo cha shanga kwa kiganja, taratibu, kisha huziba sikio la kushoto. Hiyo ndiyo hapana yake. Niliiandika kwa kalamu mwishoni mwa fomu mpya: "Akifanya hivi, acheni." Tukasaini mimi na mtaalamu.

Video za mtoto akiwa kwenye tiba nazo ziombewe ridhaa ya pekee: nani ataziona, zitafutwa lini. Za mwanangu haziingii kwenye kikundi chochote cha WhatsApp.

Na ridhaa unaweza kuiondoa siku yoyote, hata kama umeshalipia mwezi mzima.

Juzi alisukuma kikopo dakika 10 tu baada ya kuanza. Yule dada mtaalamu akakifunika, akamtandikia mkeka. Mwanangu akalala chali, akapunga mikono, na hakuna aliyemshika.