Chanzo na tarehe kwanza, mzazi mwenzangu

Kabla hujaamini ujumbe wa WhatsApp kuhusu afya ya mtoto, angalia umetoka wapi. Mimi huanza na health.go.ug ya Wizara ya Afya ya Uganda, kisha who.int ya Shirika la Afya Duniani au unicef.org. Halafu natazama tarehe. Kwa mfano, Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria Aprili 2025 katika wilaya 105, dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Ratiba ya chanjo ya Uganda isiyoitaja chanjo hiyo ni ya zamani, hata iwe na picha nzuri za watoto wanaocheka. Ukurasa unaokushauri huku unakuuzia dawa, upite tu. Ila mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, weka simu chini, mkimbize kituo cha afya.