Kupima nta ya mafuta ghafi: anza na muundo wake

Mafuta ghafi ya Lokichar, Turkana, yana nta nyingi. Ndiyo maana malori yaliyoyapeleka Mombasa yalibeba matangi ya kuhifadhi joto. Sampuli ya mafuta ya aina hiyo ikifika maabara ya Nairobi asubuhi ya Julai, unaweza kuinamisha dumu na kisitoke kitu.

Usichote ya juu. Nta nzito imeshika kuta za dumu, na ukiiacha humo vipimo vyote vitadanganya. Pasha chombo kizima, kikiwa kimefungwa na hakijajaa, ndani ya maji ya nyuzi 80 kwa saa 2, ukikitikisa kila mara. Usitumie moto wa wazi. Fungua taratibu chini ya kifyonza mvuke, mimina upesi, funga: sehemu nyepesi ndizo zinazoyeyusha nta, na zikitoroka mafuta yataanza kuganda kwenye joto la juu zaidi. Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 95, basi ukihitaji joto la juu zaidi tumia mafuta ya silikoni.

Kujua asilimia ya nta hakutoshi. Omba kromatografia ya gesi ya joto la juu, kipimo kinachotenganisha viambato vya mafuta, uone urefu wa minyororo ya kaboni ndani ya nta. Parafini (molekuli za nta) nyofu, yaani isiyo na matawi, ya kaboni 18 huyeyuka kwenye nyuzi 28, ya 24 kwenye 51, ya 36 kwenye 76. Kwa hiyo minyororo mirefu, hata ikiwa michache, ndiyo huamua fuwele za kwanza zitaonekana kwenye joto gani. Ile ya urefu wa kati, kwa wingi wake, huamua mafuta yatakwama, yaani yataacha kutiririka, kwenye joto gani. Parafini zenye matawi hutoa fuwele ndogondogo. Asfalteni, yaani sehemu nzito na nyeusi za mafuta, zikitawanyika vizuri huvuruga fuwele zisishikane. Zikijikusanya, huwa mbegu ya nta kuanzia. Pima nta na asfalteni pia.

Kisha tafuta joto la kukwama. Poza sampuli polepole, bila kukoroga, maana mtandao wa fuwele ukivunjika utapata jibu la chini kuliko ukweli. Kila joto linaposhuka nyuzi 3, inamisha chupa. Ikilala kabisa kwa sekunde 5 bila mafuta kusogea, ongeza 3 kwenye joto hilo: ndilo jibu. Rudia kwa sampuli iliyopashwa kidogo tu, kwani mafuta yaleyale hubadilika kulingana na joto yaliyopitia, na bombani utahitaji jibu baya zaidi, yaani la juu, kati ya hayo mawili.

Kemikali ya kuzuia kukwama itie nta ikiwa bado imeyeyuka yote. Ikitiwa kwenye mafuta yaliyopoa haisaidii sana. Jaribu sehemu 250, 500 na 1,000 kwa milioni. Ukipendelea kuchanganya na mafuta mepesi, dondosha tone la mchanganyiko kwenye karatasi ya chujio: doa jeusi katikati ni asfalteni zinazojitenga, na mchanganyiko huo usiuingize tangini.