Namna ya kunasa tangazo lililojificha kwenye tanbihi za Wikipedia ya Kiswahili

Juzi jioni nilikaa kwenye simu saa nzima na ushee na binti mmoja wa Mwanza, kila mtu na kompyuta yake mbele, nikimwonyesha ninavyokagua mabadiliko ya Wikipedia yetu. Ameanza kuhariri mwaka huu. Swali lake lilikuwa zuri: "Kaka, matusi nayaona nayafuta. Tangazo nitalijuaje kama limeandikwa kwa adabu?" Nayaandika hapa niliyomwonyesha, maana wakaguzi wa Kiswahili ni wachache na wenye spamu wanalijua hilo.

Hatua ya 1: Fungua Mabadiliko ya karibuni

Ingia kwa akaunti yako, ufungue ukurasa huo unaoorodhesha kila badiliko jipya. Weka siku 7 na mabadiliko 500. Tumia kompyuta, kulinganisha matoleo mawili ya makala kwenye kioo cha simu ni kujitafutia makosa. Simu tutaihitaji baadaye, kwa kazi nyingine.

Hatua ya 2: Anza na mabadiliko madogo

Kila badiliko lina namba kwenye mabano, inayoonyesha baiti (takriban herufi) ngapi zimeongezwa au kupunguzwa. Wengi hukimbilia yale yenye namba kubwa, mtu alipofuta nusu ya makala. Hayo yanaonekana na kila mtu, na kwa kawaida mwenzako atayawahi. Mimi naanza na (+4), (−2), hata (0), hasa yaliyowekewa alama ya mabadiliko madogo na muhtasari mtulivu kama "nimerekebisha kiungo". Mwenye akaunti mpya, au akaunti ya muda (ya mtu asiyejisajili) inayoanza na alama ya ~ na mwaka, akigusa tanbihi tu bila kugusa maandishi, mfungulie.

Hatua ya 3: Kifuate kiungo mpaka mwisho

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima mwaka juzi, kwa hiyo nivumilie nikienda polepole.

Makala ilihusu magofu ya pwani ya kusini. Mhariri alibadilisha tanbihi moja, namba ikawa (0), akaandika kwamba kiungo cha zamani kimekufa. Ni kweli kilikuwa kimekufa. Kipya kilikuwa na jina lilelile, mwisho tu ndio ulitoka .org ukawa .com. Nilikifungua nikakuta picha ya magofu na aya mbili za historia, nikaridhika, nikambonyezea shukrani. Wiki kadhaa baadaye msomaji akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba tanbihi ile inampeleka kwenye kubeti. Nikafungua tena kwenye kompyuta: magofu. Nikafungua kwenye simu: mkeka wa mechi za wikiendi.

Tovuti za namna hii zinamtambua mgeni. Mwenye kompyuta anapewa ukurasa safi, mwenye simu anapelekwa kwingine, na zipo zinazobagua kwa nchi. Basi fungua kiungo mara mbili: kwenye kompyuta kwa dirisha la faragha, kisha kwenye simu kwa data, bila waifai.

Ukurasa ukifunguka, usiishie kwenye picha. Soma hadi chini kabisa. Aya mbili nzuri za juu mara nyingi zimenakiliwa kutoka makala yetu wenyewe, halafu katikati ya sentensi neno moja limebeba kiungo cha mikopo au kasino. Kisha jiulize kama ukurasa huo unathibitisha kile ambacho tanbihi imewekwa kuthibitisha. Sentensi ikisema magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, basi mwaka huo uukute pale. Usipoukuta, tanbihi haina kazi, hata kama mhariri ni mtu mwema.

Halafu chukua kiungo cha zamani ukitafute kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani za mtandao. Kikiwa kimehifadhiwa, weka nakala hiyo kwenye tanbihi. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi hufuta spamu na kuacha pengo, na pengo hilo ndilo humwalika mwingine kuja "kurekebisha". Ukiona InternetArchiveBot imefanya kazi hiyo tayari, iache; ni roboti la halali.

Kuna pia hali ambayo hakuna mtu aliyehariri chochote. Jina la tovuti ya shirika au shule halikulipiwa, likanunuliwa na watu wa kubeti, na kiungo kilekile cha miaka yote sasa kinafungua kitu kingine. Mabadiliko ya karibuni hayatakuonyesha hilo. Kila unapokagua makala kwa sababu yoyote, bonyeza na tanbihi mbili tatu za zamani.

Kosa langu la pili siku ile lilikuwa kutengua badiliko la mwisho pekee. Mhariri yule alikuwa amepita mara mbili: kwanza akaweka kiungo, kisha akarekebisha koma. Orodha ya maangalizi, yaani ya makala unazozifuatilia, usipoibadilisha mipangilio, huonyesha badiliko la mwisho tu la kila makala. Nilichokiona ni koma. Fungua historia ya makala, chagua toleo la kabla hajafika, ulilinganishe na la sasa.

Hatua ya 4: Tafuta ndugu zake

Kwenye kisanduku cha kutafuta andika insource: ukifuatiwa na jina la tovuti ndani ya alama za kunukuu; utaona makala zote zenye jina hilo. Siku ile nilikuta makala 11. Angalia na michango ya mtumiaji kwenye Wikipedia za lugha nyingine. Wanaopita kwetu hupita pia Kisomali, Kihausa na Kiyoruba, kwa sababu ileile ya uchache wa wakaguzi.

Hatua ya 5: Tengua na uandike sababu

Tumia "tengua", si "rejesha". Rejesha ni haraka lakini haimwelezi mtu chochote, na mimi siitumii kabisa ila kwa matusi. Andika wazi: "kiungo kinapeleka kwenye kubeti kikifunguliwa kwa simu". Mkaguzi wa baadaye atakushukuru.

Kabla ya kumshtaki mtu, mwandikie kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Mwanafunzi aliyeweka kiungo cha tovuti ya shule yake anataka kusaidia, na ukimfokea hatarudi. Mwenye spamu hajibu, au anajibu kwa kukirudisha. Akikirudisha, peleka taarifa kwa wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia yetu, ukiambatisha viungo vya tofauti, vinavyoonyesha alichobadilisha. Tovuti ikiwa imeonekana kwenye Wikipedia za lugha kadhaa, omba iingizwe kwenye orodha ya kuzuia iliyoko Meta, tovuti ya kuratibu miradi yote, inayofanya kazi kwa Wikipedia za lugha zote.

Hatua ya 6: Wasifu wa "mjasiriamali mashuhuri"

Tangazo hujificha pia kwenye makala nzima ya kumsifu mtu. Futa sifa zote kichwani, uone kinachobaki. Kikibaki jina, picha ya studio na habari za kulipiwa, weka kigezo cha kufuta, alama ya kupendekeza makala ifutwe.

Hatua ya 7: Rudi baada ya wiki tatu

Rudia utafutaji wa hatua ya 4, kwa jina lilelile. Binti wa Mwanza ameshaweka tarehe kwenye simu yake. Ya kwangu ni Jumapili, na nimeandika pembeni majina ya tovuti zote nitakazotafuta.